Thredi tepu, katani au gundi: uzoefu wangu na viungo vya bomba hapa Tanga

Nimezitumia zote tatu kwenye nyumba za Ngamiani na Raskazone. Kabla ya kununua chochote, mimi huangalia kwanza thredi, yaani meno ya kukazia kwenye bomba.

Koki mpya ya nusu inchi ikiingia kwenye fitingi ya PPR (kiungo cha bomba la plastiki), thredi tepu nyeupe ya milimita 12 inatosha kabisa. Ila nyingi madukani ni nyembamba mno, na mizunguko mitatu haizuii kitu. Huzungusha 8 hadi 10, nikiivuta mpaka meno ya thredi yaonekane chini yake. Mdomo wa bomba ukikutazama, tepu ifuate mwendo wa mshale wa saa. Ukiizungusha kinyume, itajikunja na kusukumwa nje unapokaza. Jino la kwanza liache wazi, vinginevyo vipande huchanika na kwenda kukwama kwenye vali ya boya ya simtanki. Na tepu haikubali kurudishwa nyuma: elbo (kiungo cha kona) ikipitiliza ukairudisha kidogo, itavuja. Fungua, safisha, funga tepu mpya.

Bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) lililokatwa thredi kwa dai, kifaa cha kuchonga meno, palepale saiti ni habari nyingine. Meno yake makali huikata tepu. Hapo nataka katani (nyuzi za kuzungushia thredi) na pesti ya kuzibia viungo. Kwaruza thredi kwa msumeno wa chuma ili nyuzi zishike, zungusha katani chache kuelekea ndani, kisha paka pesti juu. Nyuzi hufura zikilowa, ndiyo maana kiungo huvumilia kurudishwa kidogo ili elbo ikae sawa. Watu wa Tanga wasichanganye: mkonge wa mashambani kwetu ni mgumu, haulali ndani ya meno; katani ya bomba ni laini kama nywele. Na usiijaze katani kwenye soketi ya bomba ya plastiki. Soketi itapasuka, pengine siku ya pili, ukuta ukishapigwa plasta.

Gundi ya chupa kama Loctite 577 ni ya chuma kwa chuma tu. Hukauka ikikosa hewa huku ikigusa chuma. Kwenye plastiki haikauki vizuri na inaweza kuitia nyufa. Thredi isiwe na mafuta hata kidogo.

Hozi ya sinki yenye washa ya mpira haihitaji chochote kati ya hivi. Kinachozuia maji pale ni washa. Ikivuja, badilisha washa.