Kusafisha mtutu wa raifo ya kaliba ndogo: ununue nini kwanza, na nini ukiache dukani

Raifo ya kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) .17, .20 au .22 inayotumika kupunguza wanyama waharibifu mara nyingi hupoteza shabaha kidogo kidogo. Matundu yaliyokuwa yakigusana kwenye karatasi mita 100 huanza kuachana baada ya risasi 30 au 40, halafu risasi moja kati ya tano inakwenda inakotaka yenyewe. Hapo wengi hukimbilia chupa ya dawa kali kuliko zote. Sisi chupa tumeiweka nafasi ya tatu, kwa sababu uchafu hutoka lakini mkwaruzo hautoki.

Ila usinunue kitu kabla hujakagua vya bure. Kaza skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako, kaza vishikio vya darubini, kisha chungulia ukingo wa mdomo wa mtutu uone kama umebonyea. Shabaha iliyopotea ghafla, kati ya risasi moja na inayofuata, kwa kawaida ni ya skrubu au darubini. Ukoko wa mtutu hauji kwa kishindo.

Ukoko wenyewe ni wa aina mbili, na dawa ya mmoja haigusi mwingine vizuri. Masizi ya baruti huganda zaidi upande wa chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Mbele kidogo ya mahali mdomo wa ganda unapoishia hujenga pete ngumu kama chungu kilichoungua. Pete hiyo ikinenepa, shinikizo hupanda: bolti (chuma kinachofunga nyuma ya chemba) inakuwa nzito kufungua na fataki za maganda (viwashio vya baruti) zinabonyezwa zikawa bapa. Shaba inayokwanguka kwenye koti la risasi hujipaka kwenye mifereji ya ndani ya mtutu, na mara nyingi huonekana kama michirizi ya rangi ya chungwa karibu na mdomo. Kaliba ndogo huumia mapema kwa sababu ya hesabu tu. Risasi ya .17 ina kipenyo cha milimita 4.37, ya .204 Ruger (ndiyo kaliba .20) 5.18, ya .223 na .22-250 (zote kaliba .22) ni 5.69, utando uleule wa shaba unachukua sehemu kubwa zaidi ya tundu dogo. Ongeza kasi. .17 Remington, iliyotoka mwaka 1971, hurusha risasi ya gramu 1.6 kwa zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, ikisukumwa na baruti inayokaribia uzito wa risasi yenyewe. Joto na masizi yote hayo hupita kwenye tundu jembamba kuliko penseli.

1. Mdeki wa kipande kimoja, pamoja na kielekezi chake

Hivi viwili tunavihesabu kitu kimoja, maana mdeki (fimbo ya kusafishia mtutu) bila kielekezi ni hatari kwa koo la mtutu, yaani pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba. Kielekezi ni bomba linaloingia mahali pa bolti. Hushika mdeki katikati, na kipete chake cha mpira huzuia dawa isichuruzike kwenye chemba, kifyatulio na kitako. Nunua kilichotengenezwa kwa kaliba na bolti yako. Kile cha “bunduki zote” huacha nafasi ya mdeki kucheza, na kucheza ndiko unakokukimbia.

Mdeki wenyewe uwe na mpini wenye beringi, ili kichwa (kipande cha mbele kinachobeba kitambaa) kizunguke kufuata mifereji. Kwa .22, mdeki wa chuma uliovikwa plastiki kama wa Dewey, au wa nyuzi za kaboni kama wa Tipton, unatosha kabisa. Ule wa plastiki ufute kila unapotoka, kwani gamba lake laini hunasa chembechembe zikawa msasa. Kwa .17 tunapendelea chuma cha pua kilichong'arishwa, bila gamba. Gamba linakula nafasi, chuma cha ndani kinabaki chembamba, na mdeki unapinda ukisukumwa kwa nguvu. Mdeki wa .22 haupiti kwenye .17, na kwenye .20 unaweza kukwama. Tafuta ulioandikwa kaliba hiyo. Angalia pia nyuzi za skrubu: vifaa vya .17 kwa kawaida ni 5-40, vya .22 ni 8-32, na baadhi ya mideki ya Dewey ya .22 huja na 8-36 ikihitaji kiungio. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshafungua pakiti.

Urefu: toa bolti, pima kutoka nyuma ya mahali inapoingia hadi mdomo wa mtutu, jumlisha sehemu ya kielekezi inayochomoza nyuma, kisha ongeza angalau sentimita 10.

2. Vichwa, vitambaa na burashi

Ni vitu vya bei ndogo, lakini hapa ndipo watu hupoteza jioni nzima. Kichwa cha brasi kina shaba ndani yake. Dawa ya shaba ikikigusa, kitambaa hutoka cha bluu, nawe unaendelea kusugua mtutu ambao ulishatakata nusu saa iliyopita. Chukua kichwa cha aloi isiyo na shaba au kilichopakwa nikeli. Ukiwa na shaka, lowesha kitambaa, kifunge kwenye kichwa nje ya mtutu, subiri dakika tano. Kikigeuka bluu, mchawi ni kichwa.

Vitambaa vya pamba vya milimita 20 hivi vinafaa .17, na vya 30 hivi vinafaa .22. Kinachofaa husukumika kwa mkono mmoja huku kikibana. Kikihitaji kupigwa kwa kiganja, kipunguze kwa mkasi. Burashi nunua mbili kwa kila kaliba: ya bronzi kwa masizi, ya nailoni kwa dawa ya shaba, maana dawa hiyo huila bronzi kama inavyoila brasi. Burashi ya chuma cha pua isikaribie mtutu wako.

3. Dawa

Utahitaji chupa mbili, si moja. Ya masizi kwanza. C4 ya Bore Tech imetengenezwa kwa kazi hiyo, na Hoppe's No. 9, iliyoko sokoni tangu 1903, bado inalainisha masizi mabichi vizuri, ingawa shaba huiondoa polepole mno.

Kwa shaba, chaguo letu la kwanza ni dawa isiyo na amonia, mfano Eliminator ya Bore Tech. Haina harufu ya kutoboa pua, na ukichelewa kuitoa kwa sababu simu imeita, mtutu hautaadhibiwa. La pili ni povu kama Wipe-Out: unajaza mtutu, unaacha, unafuta. Linaokoa mikono, ila hufura na kutafuta njia ya kutokea, kwa hiyo elekeza mdomo chini na weka kitambaa kwenye kisanduku cha risasi. La tatu ni amonia kali, kama Sweet's 7.62. Inafanya kazi haraka kuliko zote, na tunaiweka mwisho kwa sababu haisamehi: isizidi dakika 15 ndani ya mtutu, isichanganywe na dawa nyingine, na itumike penye hewa ukiwa na glavu. Mwenye .17 iliyokunywa shaba kwa miaka ataihitaji. Mwenye .223 inayosafishwa kila mara haihitaji.

4. Dawa ya kusugulia

JB na nyingine za aina hiyo zina chembe laini zinazokwangua. Ni za pete ya masizi iliyogoma, basi. Paka kwenye kitambaa kinachobana, sugua mipigo mifupi 10 hadi 20 kwenye koo la mtutu, usitoke nayo mdomoni, kisha itoe yote kwa vitambaa vyenye dawa. Kuitumia kila wiki ni kuuza mtutu kwa rejareja.

5. Kamera ya kuchungulia

Inasaidia, kwa sababu kitambaa cheupe hakithibitishi kwamba pete ya masizi imeondoka. Lakini kamera nyingi za bei nafuu zina kipenyo cha milimita 5: haziingii .17 kabisa, na kwenye .20 hupita kwa kubana, zikipita. Halafu kuna ugonjwa wake: mtutu mzima unaopiga vizuri huonekana wa kutisha ukikuzwa, na mwenyewe anaanza kutibu kisichouma.

Viache dukani

Mideki ya kuunga vipande vitatu. Kila kiungo ni ukingo unaokwangua. Kamba ya kuvuta yenye burashi inafaa kufuta vumbi porini, ila haitoi shaba, hurudisha uchafu wa jana, na ikikatikia ndani ya .17 utamtafuta fundi.

Namna ya kuvitumia

Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, ingiza kielekezi, elekeza mdomo chini kidogo. Pitisha vitambaa viwili vyenye dawa ya masizi, kimoja kimoja, vikianguka mdomoni bila kuvirudisha. Subiri dakika 10. Burashi ya bronzi, mipigo 10, ikitoka nzima kabla ya kurudi. Ukiigeuza katikati nywele zake hukunjika. Vitambaa vikavu viwili. Kisha dawa ya shaba kwa burashi ya nailoni, subiri kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, futa, rudia hadi bluu ikome. Maliza kwa vitambaa vikavu na ufute chemba. Ukihifadhi, pitisha mafuta kidogo dhidi ya kutu, na uyatoe yote kabla ya kupiga, kwani mafuta kwenye mtutu na chemba huongeza shinikizo.

Usihukumu kwa risasi ya kwanza. Mtutu uliotakata huhitaji risasi 3 hadi 5 ndipo utulie. Kwa .17 ya baruti nyingi anza kwa kusafisha kila risasi 20 hadi 40, kwa .204 na .223, 80 hadi 100. Kisha sogeza namba kufuata karatasi yako. .22 ya fataki ya ukingoni ni habari nyingine: inapenda utando wake wa nta na risasi laini, kwa hiyo shughulika na pete ya masizi tu.

Shabaha ikirudi baada ya kusafisha lakini kila mara ikidumu kwa risasi chache zaidi, 40, halafu 25, halafu 12, acha kununua dawa. Koo la mtutu limepasuka kwa joto na linakwangua shaba kila risasi ikipita. .22-250 na .220 Swift zinazopigwa mfululizo bila kupoa hufika huko mapema, na pesa ya chupa inayofuata iwekwe kando kwa ajili ya mtutu mpya.