Bomba la kuulia magugu kwenye ukoka: kabla ya kulipa, angalia linavyodondosha

Tulihamia Iyumbu, hapa Dodoma, mwezi wa 11, nyumba bado inanuka rangi. Mvua za mwezi wa 12 zilipoanza nikapanda ukoka kuanzia getini hadi barazani. Kufika mwezi wa 2, ndago zilikuwa zimeujaza uwanja. Nina uhakika zilikuja na udongo na samadi tuliyoletewa, maana zilianzia palepale lori lilipomwaga. Ukutani nako mbigili zimetambaa, mtoto hawezi kutoka pekupeku.

Nikanunua bomba la mgongoni la lita 16, halina jina, shilingi 28,000, pamoja na dawa yenye glaifoseti. Nikapuliza kona moja tu, nikatembea hadi kwenye koki kuosha vyombo. Baada ya siku kumi kona ilikauka vizuri. Lakini kutoka pale kwenye kona hadi kwenye koki kulikuwa na mstari wa madoa ya njano, moja kila hatua, kila doa upana wa kisahani cha chai. Bomba lilidondosha njia nzima na kidole changu hakikugusa kitufe.

Wasomaji watatu wameniandikia yaliyowakuta, na yote yanafanana na mstari wangu. Kwa hiyo sitaongelea ukubwa wa tangi wala ulaini wa mikanda. Hayo kila muuzaji atakueleza bila kuulizwa.

Kudondosha kuna uzito kwa sababu glaifoseti haichagui. Inaingia kwenye jani lolote la kijani na kushuka hadi mizizini, iwe ndago, ukoka au waridi. Anayesafisha shamba kabla ya kupanda mahindi hajali matone machache. Wewe mwenye ukoka ulioshika, kila tone ni kipara. Na ndago huiwezi kwa jembe: chini ina vijitunguu vyeusi vilivyoungana kama shanga kwenye uzi. Ukivuta, uzi unakatika, na kila shanga iliyobaki inachipua yenyewe.

Dukani omba maji, hata lita moja. Jaza, pampu mpaka mkono uwe mzito, puliza kidogo, achia kitufe. Kisha shika nozo, ile ncha inayotoa dawa, juu ya kipande cha boksi kikavu na uhesabu taratibu hadi sitini. Boksi likibaki kavu, endelea kuzungumza bei. Likilowa, oringi, kile kipira cha duara kilicho ndani ya kishikio, haikai sawa, na ikishaanza kukutana na dawa haitapona.

Chaguo langu la kwanza ni Solo ya Ujerumani, ile 425 ya lita 15, na sifichi kwamba naipendelea. Ukiachia kitufe, dawa inakata hapohapo. Yangu inaingia msimu wa tatu, nimebadilisha oringi mara moja, mwenyewe, nimekaa kwenye ngazi ya jikoni. Nililipa zaidi ya mara tano ya lile la kwanza, na iliniuma. Lakini kununua ukoka upya, kumwagilia kwa maji ya bili na kumlipa kijana wa kupanda kuliniuma zaidi.

La pili ni Matabi ya Hispania. Ya jirani yangu niliijaribu kwa boksi, ikabaki kavu. Jacto ya Brazili ningeiweka nafasi hiyohiyo.

La tatu ni la mkononi la lita 2. Kama ndago zako bado ni za kuhesabika, usinunue la mgongoni kabisa. Unainama, unaisogeza nozo karibu na jani, unamaliza. Lakini nalo lijaribu kwa boksi.

Ya betri siyaoni faida kwa uwanja wa nyumbani. Yale ya bei ya chini yasiyo na jina yafaa kumwagilia mchicha, na niliyokwisha kuyasema yanatosha.

Dawa yenyewe: kwa mbigili, kishona nguo na mchicha pori, tumia 2,4-D, inaua majani mapana na kuuacha ukoka uliokwisha kushika mizizi. Ndago haitaiua. Bomba lililobeba 2,4-D usilipeleke kwenye nyanya hata ukiliosha, mabaki kidogo tu yanazikunja majani. La kwangu nimelipaka alama nyekundu. Glaifoseti nayo inaharibiwa na udongo: maji yenye tope yanaipunguza nguvu, na vumbi la Dodoma likiwa limetanda kwenye majani, dawa inashikwa na vumbi kabla ya kuingia. Subiri mvua ioshe majani, yakauke, kisha puliza alfajiri kabla upepo haujaamka.

Sasa wauzaji. Tangu Dodoma iwe jiji mwaka 2018, naona bei inaanzia kwenye viatu vyako. Dada mmoja aliyenitangulia dukani alitajiwa bei, mimi nikatajiwa nyingine kwa bomba lilelile, kwa sababu nilishuka kwenye gari. Nilipoomba maji ya kujaribia, muuzaji akaniambia, "Mama, hii ni orijino, haijaribiwi." Kwa nini kitu cha orijino kiogope kikombe cha maji? Duka jingine waliniuzia bomba kisha wakasema oringi hawana, nikatafute mwenyewe. Hicho kipira hakizidi ukubwa wa pete ya mtoto, na bila hicho bomba zima ni takataka.

Kabla hujatoa hela, mwambie akuwekee oringi mbili za akiba juu ya meza. Kama hana, vuka barabara uende duka la pili.