Uzoefu wangu na albamu ya In the Heights: nilikuja kwa rap, nikabaki kwa ajili ya bibi

In the Heights ni tamthilia ya muziki, na albamu hii ya waigizaji wake wa Broadway, kwenye majukwaa makubwa ya New York, ya mwaka 2008, nimekaa nayo miezi miwili, nikiisikiliza zaidi jikoni. Ni CD mbili, na usirukeruke, maana hadithi yenyewe imo ndani ya nyimbo.

Mtaa ni Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan. Usnavi anafungua duka lake la kona asubuhi huku akichana mistari, chini yake vijiti viwili vya mbao vikigonga clave, mdundo wa Kikuba. Mdundo huo nilikuwa naujua. Upo kwenye santuri za dansi za marehemu baba, maana bendi zetu za zamani zilichota sana Cuba.

"96,000" ni idadi ya dola za tiketi ya bahati nasibu iliyoshinda, iliyouzwa dukani kwa Usnavi. Kila mtu anazitumia kabla hajazishika, wote wakiimba kwa wakati mmoja. Mara ya kwanza nilisikia kelele tu. Mara ya nne ndipo nikaanza kuwatenganisha.

Ulioniweza hasa ni "Paciencia y Fe", yaani subira na imani. Abuela Claudia, bibi aliyemlea Usnavi, anakumbuka walivyofika New York kutoka Cuba mwaka 1943, Desemba, baridi kali, yeye na mama yake wakaishia kusugua nyumba za matajiri. Olga Merediz, anayemwigiza bibi huyo, anaanza kama mtu anayejisemea, ngoma zinapanda taratibu hadi mdundo wa mambo, ile dansi ya Kikuba, umekolea, na mwishoni kabisa ndipo unajua tiketi anayo nani. Vitunguu vyangu viliungua.

CD ya pili ina "Atención", kawimbo kafupi: msiba unatangazwa kwa redio ya teksi, sauti kavu, bila pambo lolote. Halafu "Alabanza", yaani sifa, neno moja linalorudiwa mpaka mtaa mzima unaitikia. Aliyekesha matangani atauelewa hata bila Kihispania.

"Blackout", umeme unapokatika, bila jukwaa mbele yako ni vurugu tupu. Nyimbo za mapenzi za Nina na Benny, vijana wawili wa mtaani, naziruka (ndiyo, najua nilichosema hapo juu), isipokuwa "Sunrise", ambapo Nina anamfundisha Benny Kihispania neno moja moja, nami nikadokoa mawili matatu.

Mwanangu yeye hataki habari ya bibi wala tiketi. Anataka "Piragua" tu, wa yule muuza barafu anayelalamikia gari la aiskrimu lililomwingilia kijiweni, na ukiisha anataka urudiwe.