Begi la mtumba la lita 40: kutoka Memorial hadi Melaka

Begi hili linastahili nyota 4 kati ya 5. Hiyo 1 imeondoka na zipu, nitafika huko.

Mimi ni mgumu. Miaka 6 nabeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, zaidi njia ya Machame, kwa hiyo begi nalipima kwa kiuno kabla sijalitazama rangi. Mzigo ukining'inia mabegani, shingo inakaza mapema. Ukikaa nyongani unatembea kutwa.

Nililikuta soko la mitumba la Memorial hapa Moshi, siku mama mmoja alipokuwa anafungua belo. La kijani kibichi, lebo imeshafutika, mikanda ya mabega minene na mkanda wa kiuno wenye sponji ambayo bado haijalala. Nililivaa palepale, nikajaza ndani jinzi zake 5, nikazunguka vibanda. Alianzia 60,000.

"Mama, zipu ya juu inakwama, nipunguzie."

"Mwanangu, angalia hiyo mishono. Lete 40."

Tukamalizana 38,000.

Mwezi wa 5 masika imekolea na wageni mlimani ni wachache. Nilikuwa na akiba ya tipu za misimu 2, nikaenda Melaka, Malaysia. Mji huo niliuchagua kwa sababu ya Wareno. Waliiteka Kilwa mwaka 1505, na mwaka 1511 wakaiteka Melaka. Nilitaka kuona walichoacha upande ule wa bahari. Waholanzi waliwatoa mwaka 1641, kisha Waingereza wakaja.

Ndege iliruhusu kilo 7 mkononi. Kwenye mzani wa duka la jirani begi lilisoma kilo 6.8, likiwa na nguo za siku 9, kandambili, taulo jembamba na koti la mvua. Sikulipia mzigo hata senti. Kwa msafiri wa pesa ndogo hiyo peke yake imesharudisha bei ya begi.

Kutoka Kuala Lumpur ni kama saa 2 za basi. Ukishuka Melaka Sentral, stendi kuu ya mabasi, bado hujafika mjini. Nilipanda basi namba 17 la mjini, likanishusha kwenye majengo mekundu ya Waholanzi: Stadthuys, ofisi zao za utawala za zamani, na pembeni yake kanisa la mwaka 1753. Abiria wamesimama wamebanana, lakini begi lilitosha kati ya magoti yangu bila kumkera mtu.

Nililala kitanda cha juu katika chumba cha watu 8, mtaa wa nyuma ya barabara ya Jonker. Nyumba za pale ni za zamani, uso mwembamba kama duka moja la Double Road hapa Moshi, lakini zinaingia ndani mbali, na katikati kuna uwazi mwanga unakoshukia. Ngazi za mbao zimesimama wima, karibu sawa na ngazi ya dari. Kijana mmoja mwenye begi la lita 70 ilibidi alivue alisukume mbele yake ngazi kwa ngazi. Langu lilipita mgongoni bila kugusa ukuta. Mtu akiniuliza ukubwa, jibu langu sasa ni lita 40, zisizidi.

Siku ya 3 nilipanda kilima cha St. Paul. Juu kuna kanisa la Wareno lisilo na paa, na ndani mawe makubwa ya makaburi ya Waholanzi yameegemezwa ukutani, yamechongwa maandishi na ngao. Alasiri mvua ikashuka kwa fujo. Begi halina kava lake, kwa hiyo nilikuwa nimepanga kila kitu ndani ya mfuko mmoja mzito wa nailoni, kama tunavyofanya mlimani. Kitambaa cha nje kililowa chote. Nguo zilitoka kavu. Usitegemee begi la mtumba kuzuia maji, tegemea mfuko wa ndani.

Zipu ilikufa usiku wa Ijumaa, kwenye soko la usiku la Jonker, watu wamejaa bega kwa bega. Nilikuwa nimelivaa kifuani, nafungua nitoe pesa ya cendol, meno yakaachana. Mama muuzaji aliona, akachomoa kipande cha kamba akanifungia mwenyewe. Nilimwambia "terima kasih", yaani asante, na nikakaa mezani pake. Meza kwao ni "meja", bendera ni "bendera" vilevile, maneno ya Mreno huyohuyo. Wakikusabahi wanasema "apa khabar?" na moyo wako unataka kujibu nzuri. Ile cendol, tui la nazi, barafu na sukari nyeusi ya mnazi, niliila polepole mpaka bakuli likakauka.

Kwa hiyo, ukinunua la mtumba, fungua na ufunge kila zipu mara 20 ukiwa bado kibandani. Mimi niliiona inakwama nikaifanya sababu ya kupunguziwa bei, badala ya kwenda nayo kwa fundi siku ileile. Mishono haijaachia popote, mkanda wa kiuno haujalegea.

Juzi nimelipeleka kwa fundi wa cherehani palepale Memorial. Ameng'oa ile ya plastiki, ameweka zipu nene ya chuma na kushonea kitambaa cha kuifunika, jumla 5,000. Jumamosi linapanda Machame.