Nimemaliza kozi ya wiki 6 ya kutambua dalili mbaya kwa mpenzi mpya, haya hapa maoni yangu

Jina la kozi silitaji, sababu kuna mambo wamenifanyia vizuri sana na kuna mengine mpaka leo yananiuma, na sitaki mtu aende kuwashambulia wala akimbilie kujiunga kabla hajasoma mpaka mwisho. Ni ya mtandaoni, kila wiki video moja, kitini cha kupakua, kundi la WhatsApp na kipindi kimoja cha laivu na mwalimu. Nimelipa mwenyewe kwa hela yangu, hakuna aliyenituma kusifia wala kuponda.

Nilijiunga nikiwa na mtu mpya wa miezi 3. Kabla yake nilikaa na mwingine miaka 4 na nilitoka mle nikiwa siwezi hata kuchagua nguo ya kuvaa bila kujiuliza atasemaje, kwahiyo huyu mpya nilitaka nimuangalie mapema, moyo ukiwa bado haujazama kabisa.

Wiki ya kwanza ni nadharia na hapo wamejitahidi kwakweli. Wanaanza na ule mchoro wa gurudumu la mamlaka na udhibiti uliotengenezwa mji wa Duluth, Minnesota, kule Marekani, mwaka 1984, ambao ulitokana na kuwasikiliza wanawake waliopitia kipigo wakisimulia wenyewe maisha yao yalivyokuwa. Katikati ya gurudumu wameandika mamlaka na udhibiti, vile vipande vya ndani ni vitisho, kutengwa na ndugu na marafiki, kubanwa kwenye hela, kudhalilishwa, kuambiwa unakuza mambo na kadhalika, halafu kipigo kiko ukingoni kabisa kwa nje. Mi miaka yote nilijua kipigo ndo ubaya wenyewe na hayo mengine ni tabia tu za mtu, sasa kuona kipigo ni ule mduara wa nje unaoshikilia vingine visiachie, yani nilisimamisha video nikakaa kimya muda mrefu sana, sababu yule wa miaka 4 alinipiga mara moja tu na mi kila siku nilikuwa najiambia ah ni mara moja tu. Mwalimu akaongeza kwamba England na Wales walitunga sheria mwaka 2015 ya kumhesabia mtu kosa la jinai kwa kumdhibiti mwenza wake hata kama hajamgusa. Nilifarijika kusikia hivo, kwamba kuna mahali watu wamekaa bungeni wakalipa hili jambo jina.

Wiki ya pili ndo roho ya kozi na kama wangeuza hiyo peke yake ningeinunua tena. Inaitwa hapana ndogo. Unachagua kitu kidogo kisicho na madhara, unamwambia mwenzio hapana kwa upole, huelezi sababu tano tano, halafu unaangalia kinachofuata. Mwalimu alisema mtu yeyote ni mzuri ukimkubalia kila kitu, na miezi ya mwanzo ya mapenzi karibu yote ni ya kukubaliana, kwahiyo unakuwa bado hujamuona.

Nikafanya. Alitaka aje jioni, nikamuandikia leo hapana, kichwa kinauma, nataka nilale mapema. Akajibu "sawa mpenzi wangu pumzika" na vimoyo. Saa moja haijaisha geti linagongwa, yuko nje ameshika maua na dawa za maumivu. Nilifungua, nikatabasamu, akaingia, akakaa mpaka saa 5 usiku na mi kichwa kinagonga. Kesho yake nikaisimulia kwenye kundi kama stori nzuri na wadada karibu wote wakasema jamani mshikilie huyo, wengine wakaweka vimachozi vya furaha. Mwalimu akauliza maswali mawili tu. Ulimwambia nini? Yeye akafanya nini? Nikasoma meseji yangu upya. Nilisema hapana, akaja.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema huyu dada ana roho ngumu, mtu amekuletea dawa unamtafutia makosa. Hata mwalimu hakusema jamaa ni mbaya, alisema andika, ngoja, toa hapana nyingine, tukio moja ni tukio, kinachosomwa ni mwendelezo. Mwenye nia njema ukimwambia siku ile nilitaka kweli kulala atasema aisee samahani sikukuelewa, na haitajirudia.

Hapana yangu ya pili ilikuwa kuhusu lokesheni. Alitaka tuwashiane lokesheni kwenye simu muda wote, sababu yake ni usalama wangu. Nikasema mi sipendi, nikifika nitakutext. Akasema poa. Halafu akapotea siku 2, meseji zangu zinasomwa hazijibiwi. Siku ya tatu ikaingia voisi noti ya dakika 7 analia, anasema wanawake wote wa nyuma walimsaliti na mi ndo nimemrudishia imani, sasa kama simuamini bora tuachane. Nikamsamehe na nafuu niliyoisikia ilikuwa tamu kuliko hata siku tulipoanza, na ile nafuu ndo ilikuja kunitisha baadae. Wiki ya tatu mwalimu akazungumzia utafiti wa Dutton na Painter wa mwaka 1981, kwamba pale mmoja ana nguvu juu ya mwenzie na anapishanisha kuumiza na kubembeleza, anayeumizwa anazidi kushikamana badala ya kuchoka. Yani ile tamu ya kurudiana unaweza ukaiita mapenzi makubwa kumbe ni mwili unashusha pumzi baada ya hofu.

Kifaa cha wiki hiyo ni daftari la safu mbili, alichosema na alichofanya, tarehe pembeni, bila maoni yako. Maoni hayaruhusiwi, na hapo ndo uzuri ulipo. Langu lilikuwa na mistari kama hii, amesema anampenda rafiki yangu, amenuna siku nzima nilipoenda kumuona. Amesema hajawahi kuniomba paswedi, niliandika aliiomba Jumapili tukiwa kwenye gari. Huo mstari wa pili uliniokoa maana alivokataa alikataa kwa uso mkavu kabisa na mi nilishaanza kujishuku, nikarudi nyumbani nikafungua daftari, Jumapili ipo pale kwa mwandiko wangu. Baada ya mistari 11 niliachana nae.

Sasa tuje kwenye yanayoniuma.

La kwanza ni lile kundi. Walilipa jina lenye neno mwenza hatari. Yani kozi inafundisha kwamba watu wanapekuliwa simu halafu kila meseji ikiingia hilo jina linajitokeza juu ya kioo simu ikiwa mezani. Kuna dada aliandika usiku mmoja kwamba jamaa yake ameliona, amefuta kila kitu, anaaga, na hakurudi. Nilimuwaza wiki nzima. Kwenye tovuti nyingi za kusaidia watu wanaonyanyaswa majumbani kuna kitufe cha kutoka haraka, unabonyeza unajikuta kwenye ukurasa wa mambo mengine kabisa, kwahiyo hili sio jambo geni, wenye fani wanalijua siku nyingi. Mwalimu aliomba radhi na wiki ya nne wakabadili jina likawa darasa la Jumanne. Nashukuru walibadili ila lilitakiwa liwe hivo tangu siku ya kwanza, na daftari nalo waseme likae wapi, mi la kwangu nililiacha kazini kwa akili yangu mwenyewe.

La pili ni kitini cha wiki ya nne chenye dalili 40, zimepangwa moja mpaka 40 kana kwamba zote zina uzito sawa. Hapendi kupiga picha na wewe ni namba 30, amewahi kukukaba shingo ni namba 31. Jamani! Kuna utafiti wa Nancy Glass na wenzake wa mwaka 2008 ulioonyesha mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake uwezekano wa kuja kuuawa nae unapanda zaidi ya mara 7. Kukabwa hata kama hakukuacha alama, hata kama alisema alikuwa anatania, hakukai kwenye orodha moja na mambo ya picha. Hiyo inatakiwa ukurasa wake peke yake na namba za msaada chini yake. Na orodha ndefu hivo inafanya watu wawe wapelelezi, nilishuhudia mdada anamhesabia jamaa yake dalili 9 kwa sababu ni mkimya na hajui kujibu meseji ndefu, wakati kila alipomwambia hapana jamaa alielewa na maisha yakaendelea. Kwa nilichopitia, huyo ni wa kukaa nae umfahamu zaidi. Na wangu mwenye maua alikuwa na alama safi kwenye orodha yote.

Wiki ya tano sitaki kuizungumzia sana. Wanakufundisha kupekua simu yake akiwa amelala kuona kama anachati na wa zamani. Wiki ya kwanza wametuambia kupekuliwa ni udhibiti, leo tukapekue. Niliruka zoezi na sikujuta. Mifano nayo yote ni mwanaume mkosaji na mwanamke anayeumia, na tulikuwa na kaka wawili mle ndani walioumizwa kweli, mmoja alikuwa ananyang'anywa mshahara wote, wakawa wanajitafsiria wenyewe kimya kimya.

Kubwa kuliko yote ni somo la mwisho, la kuondoka. Ni dakika 12. Ujumbe wake ni mbloku, jipende, songa mbele. Kwa mtu wa miezi 3 asiye na funguo zako inaweza kutosha, ila mle kulikuwa na watu wanaoishi nyumba moja na hao watu, wana watoto. Mtaalamu wa masuala ya uhalifu Jane Monckton Smith alichambua mauaji 372 ya wenza nchini Uingereza, akachapisha mwaka 2019, akayapanga kwa hatua 8, na kinachoanzisha zile hatua za mwisho mara nyingi ni kuachana au tishio la kuachana. Kwahiyo kumwambia mtu aliye ndani ya udhibiti aondoke tu leo ni kumsukuma kwenye saa yenye hatari zaidi bila chochote mkononi. Ilitakiwa waseme mwambie mtu mmoja unayemuamini siku na saa, toa vyeti na vitambulisho kidogo kidogo, badili paswedi kwa kutumia simu ya mtu mwingine, angalia kama kuna programu au kidude cha kufuatilia kwenye simu au gari, usimwage maneno yote uso kwa uso mkiwa wawili ndani, na tafuta watu wa fani hiyo waliokaribu na wewe wakusaidie kupanga. Mi nilimuacha yule mwenye maua sehemu ya wazi mchana, dada yangu akiwa meza ya pili, na bado alinifuata nje mpaka kwenye gari akiongea kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Nyota natoa 3 kati ya 5, na hizo 3 ni za wiki tatu za mwanzo. Kama ndo kwanza una mtu mpya, jiunge, sikiliza hapana ndogo, nunua daftari, ukifika wiki ya nne soma kwa tahadhari. Kama tayari unaishi nae na unamuogopa usianzie hapa, anza na mtu wa ustawi wa jamii, daktari, au laini za simu za msaada, na utafute kwa simu isiyo yako.

Niliwaandikia haya yote. Wamejibu kwamba somo la kuondoka linarekodiwa upya na mtu anayefanya kazi kwenye nyumba salama, zile za kuwahifadhi wanaokimbia kunyanyaswa, na kundi la awamu ijayo litaanza na jina la kawaida. Kuhusu namba 31 wamesema wanalifanyia kazi. Nimewajibu kwamba hiyo haihitaji kikao, ni kuitoa pale na kuipeleka juu, nikaambatanisha na skrinshoti ya ukurasa.