Notre-Dame de la Garde, Marseille: usiishie kupiga picha nje

Kama unapita Marseille, Ufaransa, hata siku moja tu, panda kilima chenye basilika ya Notre-Dame de la Garde, kanisa la Bikira Maria. Nimeamua kuandika kwa sababu nilivyokaa pale juu nusu siku nimeona watu wengi sana wanafika, wanapiga picha na bahari, wanazunguka dakika kumi wanashuka, na kitu chenyewe hawajakiona kabisa.

Kufika sio shida. Basi namba 60 linatoka Vieux-Port, ile bandari ya zamani, linapanda mpaka juu. Mimi nilienda kwa miguu, kilima ni kama mita 150 tu lakini kimesimama kwelikweli na zile ngazi za mwisho zinakata pumzi, kwahiyo mwenye magoti mabovu achukue basi asijitese. Kulikuwa na lifti ya kupandisha mahujaji tangu 1892 ila waliifunga 1967. Kuingia kanisani ni bure.

Sasa ukishafika, kabla hujaingia angalia unachokanyaga. Ile ni ngome. Kikanisa cha kwanza kilijengwa pale 1214, baadae karne ya 16 mfalme Fransisi wa Kwanza akaona kilima kinatazama bahari yote akakizungushia ngome ya kijeshi, na kikanisa kikabaki humohumo ndani, basi mamia ya miaka askari na mahujaji walikuwa wanapita mlango mmoja. Hata jina lenyewe, Garde, ni ulinzi. Kuta za ngome bado zipo na daraja lake la kuinua lipo, na basilika ya sasa imekaa juu ya misingi hiyohiyo, ilibidi kwanza jeshi litoe ruhusa. Jiwe la msingi aliliweka askofu Eugène de Mazenod mwaka 1853, ndiye huyohuyo mwanzilishi wa Waoblate, shirika la kitawa la Kikatoliki, na leo ni mtakatifu. Mchoraji wa jengo, Henri Espérandieu, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, tena Mprotestanti! Mimi hilo lilinigusa sana, kijana asiye Mkatoliki anakabidhiwa nyumba ya Bikira Maria na anaijenga kwa upendo namna ile. Ilitabarukiwa 1864 kazi ikiwa bado haijaisha, yeye akafariki 1874, mozaiki za ndani, zile picha za vijiwe vya rangi, wakaja kumalizia wengine.

Ushauri wangu mkubwa: anzia chini. Yaani ni makanisa mawili moja juu ya jingine, na la chini limechongwa kwenye mwamba wenyewe, dari zake za matao ni fupi, mwanga hafifu, kimya, watu wachache maana wengi wanakimbilia juu. Kaa humo kidogo macho yazoee giza. Halafu panda kanisa la juu na utaelewa Espérandieu alikuwa anataka nini, maana unatoka kwenye jiwe tupu unaingia kwenye dhahabu, matao ya marumaru nyekundu na nyeupe yenye milia, na mozaiki kama mita za mraba 1,200 zinawaka dari nzima. Nilisimama mdomo wazi. Nje nako kuna milia, mawe meupe na ya kijani, ya kijani yalitoka huko karibu na Florence, Italia, yakaja kuliwa na upepo wa chumvi mpaka ukarabati mkubwa ukafanyika kati ya 2001 na 2008.

Juu ya mnara wa mita 41 kuna sanamu ya Mama na Mtoto, mita 11 na ushee, ya shaba iliyopakwa dhahabu, kazi ya mchongaji Lequesne. Inaonekana karibu mji mzima na kutoka baharini, ndio maana wenyeji wanamwita Bonne Mère, Mama Mwema, hata wasiosali wanamtaja.

Ila kilichonimaliza mimi ni shukrani za watu. Angalia juu utaona meli ndogondogo za kuchonga zimening'inia kwa nyuzi, zimewekwa na mabaharia waliookoka, ukutani picha za dhoruba, mashua inazama na Maria yuko kwenye wingu pembeni, na vibao vya marumaru vimejaa mpaka nafasi hakuna, vingine vina neno la asante na mwaka basi. Mtu alinusurika, akarudi nyumbani, akapanda kilima na kibao chake mkononi. Mimi ni mtu wa pwani, najua maana ya kumsubiri mtu aliyeko baharini, niliviangalia kimojakimoja mpaka machozi yakanilenga.

Kasoro ipo, kelele. Makundi ya watalii yanaongea kwa sauti wakati wengine wamepiga magoti, na mchana kanisa la juu linajaa mpaka kusali kunakuwa kugumu. Nenda asubuhi mapema. Na beba koti, ule upepo wanaouita mistral pale juu haukuachi umesimama. Huko njiani nilisikia akina mama wanaongea Kikomoro, wako wengi sana mji huo, nikawa nadaka neno moja moja linalofanana na letu na nikajisikia nyumbani ghafla.

Tarasa iache mwisho, utaona visiwa vya Frioul na Château d'If, ngome ya zamani iliyo kisiwani. Kisha kabla ya kushuka pita upande wa kaskazini utazame ukuta vizuri, kuna matundu ya risasi ya Agosti 1944, kilima kilipokombolewa kutoka kwa Wajerumani, na waliopanda kukikomboa walikuwemo askari wa Algeria waliokuwa kwenye jeshi la Ufaransa. Niliweka kidole kwenye tundu moja, nikakaa nalo kidogo, ndio nikashuka.