Fensi ya plastiki kwenye mteremko: yaliyonikuta Kigoma

Niseme mapema, kama kiwanja chako kina mteremko usinunue hii fensi ya plastiki. Toka juzi nimebadilisha mawazo mara tatu na huko chini naweza kubadilisha tena, ila kwa sasa lishikeni hilo.

Nyumba ya mama iko Bangwe, kiwanja kinashuka kuelekea ziwani. Mama ana viriba sitini vya miche ya michikichi, ile mbegu chotara ya Tenera ambayo Kigoma nzima inaitafuta, na mbuzi wa mtaani washaingia wakaila mara mbili. Uzio wa mbao ulikuwepo, mchwa wakaumaliza, ukigusa nguzo inamwagika unga. Minyaa sikutaka kabisa, watoto wa dada yangu wanacheza pale na ule utomvu ukiingia jichoni ni hospitali. Ndo nikaona zile fensi nyeupe, vibao vimesimama wima vina vichwa vya kuchongoka, nikapenda mno. Dukani nilimuuliza yule dada kwenye simu, tena mara mbili, kwamba kiwanja kina mteremko je itakaa? Akasema inakaa popote. Popote! Nikatuma hela, mzigo ukaja na lori kutoka Dar.

Sasa fundi, kijana mmoja. Akaanza kwa juu, paneli ya kwanza kailaza sawasawa na pima maji, inayofuata kaishusha kama ngazi, inayofuata hivyo hivyo. Njia hiyo ipo na si kosa, ila kila paneli upande wa juu inagusa ardhi na upande wa chini inaning'inia. Pale kwenye paneli ya tatu nilichuchumaa nikapitisha mkono chini, ukaingia wote mpaka begani. Tepu ikasoma sentimita 36. Mama akaja taratibu na fimbo yake, akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa mbuzi si atapita?" Yule kijana hata hakugeuka. Akasema, "Bibi, hii fensi ni ya urembo, siyo zizi. Nenda kapumzike ndani."

Jamani. Mtu wa miaka sabini na kitu, kwenye kiwanja chake, miche yake, hela ya mwanae, anaambiwa akapumzike ndani. Na mama akaenda kweli, hakujibu kitu, alikaa jikoni anachambua dagaa na hakutoka tena mpaka jioni. Kila nikiiangalia ile fensi naliona lile jibu, hata vibao vingekuwa vya dhahabu nisingeona.

Nikamwambia fundi hivi sivyo, akakasirika, akasema basi kama mnataka ilale na ardhi nailaza. Kulaza nako ni njia, vibao vinabaki wima ila vile vipau vya kulala vinafuata mteremko, chini hapabaki uwazi. Lakini nguzo alishazichimbia kwa kipimo cha ngazi, mita 1.8 kwa 1.8 kwenda mbele, na ukilaza kipau kwenye mteremko kinadai urefu zaidi, kwa kiwanja chetu zinapungua sentimita tatu na ushee. Yeye akachukua grinda akapanua matundu ya nguzo yale vipau vinamochomekwa, akavuta kipau kikashika kwenye ncha tu, akapiga skrubu akaondoka. Na mashimo hayakufika hata sentimita 30 maana alikutana na mawe akaona uvivu wa kutafuta mtaimbo.

Mvua za mwanzo zikaja, maji yakashuka na mteremko yakakomba udongo kwenye nguzo mbili, zikainama, vipau vikachomoka vyote, asubuhi paneli imelala juu ya viriba. Miche kumi na moja imevunjika. Nimempigia hapokei, nimetuma mesiji inaonyesha kasoma.

Hapa ndo nilipoandika mara ya kwanza kwamba fensi hizi ni takataka, halafu nikafuta.

Maana nimempata mzee mmoja wa Ujiji, fundi wa siku nyingi, alikuja na mpira wa maji ule wa kuonyesha, akajaza maji, mwanangu akashika ncha ya juu yeye akashika ya chini, wakapima kiwanja chote kabla hajagusa chepe. Halafu akamwita mama nje, akamuuliza, "Mama, mbuzi huwa wanaingilia wapi?" Nilitaka kulia. Pale penye mteremko mkali kaacha ngazi ila chini ya kila paneli kajengea mawe mpaka uwazi umeisha, na kule chini mteremko unapopungua kailaza, nguzo kazisogeza karibu. Mashimo sentimita 60, kokoto kidogo chini maji yapite, ndo zege. Nguzo za geti kazijaza nondo na zege ndani, maana zile nguzo ziko wazi kama bomba. Na skrubu za yule kijana kazitoa zote, anasema plastiki jua likiwaka inarefuka, usiku inarudi, ukiibana itapasuka.

Kwa hiyo nunueni? Mi nasema fensi yenyewe ni nzuri, mchwa hawaigusi, rangi hupaki, ukiimwagia maji inang'aa. Ila hapana, bado, kwa sababu yule dada wa dukani alitakiwa aniambie kuna nguzo zisizotobolewa ambazo unatoboa mwenyewe kufuata mteremko wako, nimekuja kuambiwa na mzee nikiwa nimeshalipia mara mbili. Mteremko mdogo chukueni. Mteremko kama wa kwetu, kama huna fundi kama huyu mzee, acheni kabisa.

Yule kijana juzi kapiga mwenyewe, anataka hela yake iliyobaki. Ipo, nimeiweka kwenye bahasha, anaishika mama. Nimemwambia aje aichukue kwake, amwamkie vizuri kwanza, halafu amweleze kuhusu ile miche kumi na moja. Mpaka leo hajaja.